Ukurasa wa Kumi na Tisa

Wameniletea katuni ya kuchora, kurasa ishirini na mbili,
malipo nusu sasa, nusu wino ukikauka.
Mwandishi ni Thorlakur, mjukuu wa Bi. Gudny wa duka la mikate,
hapa Gimli, mji uliopewa jina la ukumbi
watakamoketi waliosalia dunia ikishaungua.
Februari hii hakuna dalili ya kuungua chochote.
Ziwa limekuwa sakafu. Magari yanapita juu yake,
na mimi bado nalikanyaga kwa bismillahi.

"Muovu ndiye kiini," kaniambia. "Si yule wa nyundo.
Namtaka huyu wa herufi nne,
aliyeshonwa mdomo kwa uzi,
aliyejigeuza farasi jike akazaa,
aliyemuua kijana mpendwa kwa mkono wa kipofu,
kwa kijiti ambacho hakuna aliyekumbuka kukiapisha."

Nikachora sura saba. Zote zikarudi.
Huyu mkali mno. Huyu kama tangazo la pilipili.
Muovu wa kweli, anasema,
ukimwona unamvutia kiti.

Ndipo penseli ikamchora Mjomba Shaibu
kabla sijaiuliza.

Lile jino la pembeni, nusu.
Nyusi moja juu, kama mlango ulioachwa wazi makusudi.
Mjomba aliyeuza kiwanja cha mama kule Pongwe
mara tatu, kwa watu watatu, wiki moja,
na wa tatu akamletea mbuzi wa shukrani.
Tulipomkabili, alitutungia papo hapo:

    Kiwanja sikukiuza, nimekitembeza mbali,
    na mali ukiifunza safari, huzaa mali.

Mama alicheka huku analia.
Kosa letu lilikuwa hilo tu. Tulicheka.

Sasa ukurasa wa kumi na tisa.
Wamemfunga juu ya mawe matatu,
kama chungu juu ya mafiga,
na kamba ni utumbo wa mwanawe.
Juu yake nyoka anadondosha sumu.
Kando, mkewe kashika bakuli.
Likijaa, huondoka kwenda kulimwaga,
na kwa muda huo mfupi tone humfikia usoni,
akajinyonga, akatikisika,
na huko kutikisika ndiko walikoita tetemeko.

Thorlakur anataka uso wa muovu ujaze ukurasa.
Mimi namtazama mke.
Toka mwanzo hadi mwisho wa katuni
hana puto hata moja la maneno.

Kila tarehe tano simu inatetemeka mezani
kati ya wino na rula.
Figo za Mjomba zimegoma.
Damu yake inatolewa, inaoshwa, inarudishwa,
mara tatu kwa wiki, na mashine haikopeshi.
Natuma. Narudi kwenye karatasi. Natuma.
Januari nilichelewa siku nne.
Ikaja sauti yake, inanilaani mimi na kizazi changu
ambacho hata sijakizaa,
kisha pumzi zikamwishia, akauliza taratibu:
"Hiyo barafu yenu, mwanangu, yote hiyo...
hakuna anayeinunua?"

Nikacheka peke yangu jikoni, saa tisa za usiku.
Ardhi ikatulia.

Nimelichora bakuli. Si la fedha.
Ni lile la bati la bibi, la maua mekundu,
ukingo umebanduka mahali pa kidole gumba.
Uso wa muovu nimeusukuma chini, pembeni, nusu tu,
na nusu hiyo inatabasamu, ningefanyaje.
Kilichojaa ukurasa ni viwiko vya mwanamke.

Thorlakur aliutazama mpaka kahawa yake ikapoa.
"Mbona halitupi akaenda zake?"

Sikumjibu. Nilikuwa naosha brashi,
na kikombe cha maji kilikuwa cheusi, kimefika ukingoni.
Nikakiinua kwa mikono miwili
kukipeleka kwenye sinki,
nikatembea upesi.